Mama Alipokataa Kuingia Kwenye Lifti

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya wageni wanaokuja kukaa nasi kwa muda mrefu, na barua zenu zimenifikia. Nyingi zilinichekesha, chache zilikuwa na uchungu. Moja imetoka kwa dada anayeishi katika jengo refu hapa Dar es Salaam. Anaeleza kuwa mama mkwe wake anakuja kutibiwa miguu, naye anakaa ghorofa ya saba, na lifti ya jengo lao leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Je, ampokee, au amtafutie ndugu mwenye nyumba ya chini?

Swali hilo limenigusa mahali penye kidonda. Kwa hiyo mwezi huu tuyaache mapishi na malezi, tuzungumze juu ya lifti. Usinicheke. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba hata lifti ni jambo la nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alikuja kwangu kutoka Njombe. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba, na daktari wa kule alimwandikia barua aje kuonwa huku. Wakati huo tulikuwa tumepanga ghorofa ya sita. Nilimpokea kituo cha mabasi, na njiani nikamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi na ngazi. Tutapanda lifti."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwenye gari ni nani?"

"Gari gani, mama?"

"La huyo anayetupa lifti."

Kwake yeye, kama kwa wengi wetu tuliokulia kando ya barabara kuu, lifti ni ile unayomwomba dereva wa lori, ukapanda juu ya magunia ya viazi ukishikilia kitambaa cha kichwa kisipeperuke. Hiyo ya kwenye jengo alikuwa hajaiona. Tulipofika, milango ikafunguka yenyewe, naye akarudi nyuma hatua mbili. Akachungulia. Akaona kuta za chuma, hakuna dirisha, chumba cha kutosha watu sita wakibanana. Akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nitaingia kwenye sanduku mara moja tu, na siku hiyo ninyi ndio mtakaonibeba."

Hapo hapana mjadala. Tulipanda kwa miguu. Ngazi zilikuwa 108, nilizihesabu siku hiyo kwa mara ya kwanza, na zilituchukua dakika 40. Kila tulipofika kwenye kibaraza cha ngazi alikaa juu ya furushi lake, akapumzika na kuwasalimu wapitao. Tulipofika mlangoni kwangu mama alikuwa amewafahamu majirani wengi kuliko niliowafahamu mimi katika miaka miwili. Ghorofa ya tatu alikuta mwanamke wa Makete wanayefahamiana ukoo. Mimi nilikuwa nikipita mlango huo kila siku ndani ya chuma, sijui nani anakaa humo.

Aliyemwingiza mama kwenye lifti hakuwa mimi. Siku ya tatu, tukiwa tunatoka kwenda hospitali, mtoto wa jirani wa miaka mitano alimshika mkono akasema, "Bibi, twende," akamvuta. Mama hakuweza kumnyima mtoto mkono. Milango ikafunga. Nikamwona amefumba macho, midomo inacheza. Ghorofa ya nne wakaingia vijana wawili na bwana mmoja mwenye tai. Mama akafumbua macho, akawaangalia mmoja mmoja, akingoja. Hakuna aliyesema neno. Wote walikuwa wakitazama zile namba juu ya mlango au simu zao mikononi.

"Hamjambo wanangu?" mama akasema.

Walishtuka kama watoto waliokamatwa na sukari. "Shikamoo bibi! Shikamoo!" Kufika chini, yule bwana wa tai alikuwa ameshaeleza kwamba mama yake naye anaumwa goti, na kwamba dawa fulani ya kuchua inamsaidia.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye basi, sisi tunasalimiana. Tukiingia kwenye lifti tunakuwa watu wengine. Labda ni kwa sababu tumekaribiana mno na muda wenyewe ni mfupi. Mtu anaona aibu kuanza maneno yatakayokatwa na mlango. Mama hakuijua aibu hiyo. Tangu siku ile alipanda, na kila aliyepanda naye alisalimiwa. Baada ya majuma mawili watu walikuwa wakimngojea waanze wao.

Lakini alikuwa na swali moja, na aliniuliza siku ile ile ya kwanza: "Kamba ikikatika?"

Niliona haya. Nilikuwa nimepanda lifti miaka mingi bila kujua jibu. Ikabidi nimwulize fundi aliyekuja kuifanyia matengenezo, na alinieleza kwa uvumilivu. Chumba cha lifti hakining'inii kwa kamba moja. Kinashikwa na kamba kadhaa za chuma zilizosokotwa, na huwa zimepimwa kiasi kwamba hata moja peke yake inaweza kukibeba chumba pamoja na watu wake. Kamba hizo hupita juu ya gurudumu kubwa la kapi, na upande wa pili zimefungiwa mzigo mzito. Chumba kikipanda, mzigo unashuka. Kikishuka, mzigo unapanda. Ni kama kuteka maji kisimani kwa ndoo mbili, moja ikishuka tupu huku nyingine inapanda imejaa. Na chumba kikianza kwenda kasi kupita kipimo, kuna makucha ya chuma yanayobana reli za pembeni, kikasimama pale pale.

Makucha hayo yana hadithi yake, na nilimsimulia mama jioni tukichambua mchele. Hadithi inaanzia kwenye kiwanda cha vitanda. Mwaka 1852 fundi mmoja Mmarekani, Elisha Otis, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho mjini Yonkers, karibu na New York. Mashine za kupandisha mizigo zilikuwapo tangu zamani, lakini kamba ikikatika, mzigo na mtu walianguka pamoja. Otis akachukua springi ya gari la farasi akaifunga juu ya jukwaa la kupandishia. Kamba ikiwa imekaza, springi inabaki imejipinda. Kamba ikilegea au kukatika, springi inanyooka na kunasa kwenye meno ya reli za pande mbili. Mwaka 1854, kwenye maonyesho makubwa ya New York, alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa juu ya vichwa vya watu, akaamuru kamba ikatwe. Ikakatwa. Jukwaa likashuka kidogo tu, likasimama.

"Alikuwa na mke?" mama akauliza. "Mkewe alimruhusu?"

Tarehe 23 Machi 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria ilianza kazi katika duka la Haughwout, barabara ya Broadway mjini humo. Na unajua duka hilo liliuza nini, mama mwenzangu? Vyombo! Sahani za kaure, bilauri, vijiko vya fedha, taa za kuning'iniza. Mke wa Rais Abraham Lincoln alinunua hapo vyombo vya mezani vya Ikulu yao. Jengo lilikuwa na ghorofa 5 tu, na lifti ilikwenda taratibu, kama mita 12 kwa dakika, lakini wanunuzi walipandishwa bila kuinua sketi zao ndefu kwenye ngazi. Basi lifti ya abiria ilianza kazi kwa ajili ya watu wanaokwenda kununua sahani. Mama alilipenda sana jambo hilo.

Kabla ya hapo ghorofa ya juu ilikuwa ya mnyonge. Katika majengo ya Paris, wasichana wa kazi ndio waliolala kwenye vyumba vidogo chini ya paa, kwa sababu tajiri hakutaka kupanda. Lifti ilipoenea mambo yakapinduka: juu kwenye upepo na mandhari pakawa pa mwenye fedha. Kwetu huku, jengo linalosemwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti ya umeme ni Beit-el-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Umeme na lifti ni baadhi ya mambo yaliyolistahilisha jina lake la Jumba la Maajabu. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020, na waliolipenda walilia.

Sasa usije ukadhani kwamba hakuna ajali. Mama alinibana, "Haijawahi hata mara moja?" nikalazimika kumweleza habari ya Betty Lou Oliver. Alikuwa msichana wa miaka 20, mwendesha lifti katika jengo la Empire State, New York. Zamani lifti nyingi zilikuwa na watu wa kuziendesha, na baadhi yao walikuwa wanawake. Tarehe 28 Julai 1945, asubuhi ya ukungu mzito, ndege ya jeshi ililigonga jengo hilo karibu na ghorofa ya 79. Watu 14 walikufa. Betty Lou aliumia na kuungua akiwa ghorofa ya 80. Waliomwokoa wakampa huduma ya kwanza, kisha wakamweka kwenye lifti ateremshwe kwenye gari la wagonjwa. Hawakujua kwamba kamba zilikuwa zimejeruhiwa na ile ndege. Zikakatika. Alianguka ghorofa 75 hadi chini kabisa.

Akaishi. Inaelezwa kwamba kamba zilizoanguka zilijikunja chini ya shimo zikawa kama godoro, na hewa iliyobanwa ndani ya shimo ikampunguzia kasi. Alivunjika nyonga, mgongo na shingo, lakini alipona, akaishi hadi mwaka 1999. Kilichomwangusha ni ndege, siyo uchakavu wa lifti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini. "Walimtoa kwenye moto wakamtia kwenye shimo," akasema, "na walikuwa wanamsaidia." Hakusema kitu kingine jioni ile.

Kuna kichekesho kimoja cha lifti ambacho bila shaka umekisikia harusini, na hata kwa wahubiri wanaotaka kuwaamsha waliosinzia. Mzee na kijana wake wametoka shamba, wamesimama mbele ya lifti kwa mara ya kwanza. Anakuja bibi kizee, amejikongoja, anaingia, milango inafunga. Namba zinapanda, namba zinashuka. Milango inafunguka, anatoka msichana mrembo. Mzee anamgeukia kijana, "Kimbia ukamlete mama yako!"

Shemeji yangu alikisimulia mezani, watu wakacheka. Mama naye alitabasamu, kisha akauliza kwa upole, "Mbona yule mzee hakuingia yeye mwenyewe? Au yeye bado mbichi?" Shemeji alikosa la kusema, na wanawake ndipo tulipocheka kwa kweli.

Wasimulizi wa dunia nzima wameipenda lifti, na ukiangalia utaona sababu. Ni chumba kidogo chenye watu wasiochaguana, hakuna pa kwenda, na hujui milango ikifunguka utakuta nini. Mfaransa Louis Malle alitengeneza filamu mwaka 1958 ya mtu aliyemwua mkubwa wake wa kazi, akakumbuka kwamba ameacha kamba ikining'inia dirishani, akarudi kuichukua, na mlinzi akazima umeme wa jengo kwa ajili ya mwisho wa juma. Akanaswa ndani ya lifti usiku kucha na dhambi yake. Mmarekani mweusi Colson Whitehead aliandika riwaya iliyotoka mwaka 1999 kuhusu Lila Mae Watson, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mkaguzi wa lifti katika idara yake. Lifti aliyoikagua inaanguka, na macho yote yanamgeukia yeye. Sina haja ya kueleza kwa nini hadithi hiyo inamgusa mwanamke yeyote aliyewahi kuwa wa kwanza kazini.

Lakini ninayoipenda mimi ni ya watoto. Katika kitabu cha Roald Dahl cha mwaka 1964 kuhusu mtoto Charlie na kiwanda cha chokoleti, wapo mababu na mabibi wanne wanaolala kitanda kimoja. Mmoja wao anainuka ili kumsindikiza mjukuu kiwandani, lakini wale watatu hawatoki kitandani. Mwishoni lifti ya kioo inatoboa paa la nyumba yao, na wazee hao wanasukumwa ndani, kitanda na wao wenyewe, wakipiga kelele, wapelekwe mahali penye chakula na joto. Nilikuwa nikiwasomea wanangu hadithi hiyo sebuleni, na mama yangu amekaa pembeni, katika mwezi ambao lifti yetu ilikufa.

Maana ilikufa. Asubuhi moja tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni: LIFTI NI MBOVU, SAMAHANI KWA USUMBUFU. Mwenye jengo alisema kipuri kinatoka ng'ambo. Mwezi ukapita. Akasema kipuri kiko baharini. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Ilikuwa miezi 5.

Juma la kwanza mama alijitahidi kushuka mara moja, na usiku ule goti lilivimba likawa kama chungu. Hakushuka tena. Mwanzoni aliniuliza kila asubuhi, "Limepona?" akimaanisha sanduku. Nikasema bado. Baada ya muda akaacha kuuliza, nami, Mungu anisamehe, nikadhani amezoea.

Alijitafutia kazi. Aliomba kamba ya katani, akafunga kikapu, akawa anakishusha kutoka varanda ya ghorofa ya sita hadi kwa mama muuza mboga. Ndani yake aliweka hela, na kikapu kikapanda na mchicha, nyanya, na chenji iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Watoto wa mtaa walikusanyika kuangalia. "Hii ndiyo lifti yangu," aliniambia, "nayo haihitaji umeme." Muuza mboga alipojifungua, kikapu kilishuka na kanga mpya. Mimi niliwasimulia wenzangu kazini habari hiyo kama kitu cha kuchekesha. Nilikuwa sioni kwamba mama yangu anaongea na dunia kwa kamba.

Kisha rafiki yake wa utotoni, aliyekuwa anakaa Temeke kwa mwanawe, akafariki. Walikuwa wamecheza pamoja, wakabatizwa siku moja, wakaolewa mwaka mmoja. Habari ililetwa usiku. Asubuhi nilimkuta mama amevaa, amejifunga kanga mbili, amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa tu; hakusema twende. Nilimwambia, "Mama, ngazi zile..." Akaanza kuvua kitambaa cha kichwa taratibu.

"Nenda wewe," akasema. "Waambie niko juu."

Nilikwenda. Nilitoa rambirambi yake, na kila aliyeniuliza mama yuko wapi nilimjibu hivyo hivyo, yuko juu, goti linamsumbua. Mwanamke mmoja wa kikundi chetu cha akina mama alinishika mkono akanivuta pembeni. "Yuko juu maana yake nini? Huna majirani? Hakuna vijana katika jengo lile?" Nikamwambia sikutaka kuwasumbua watu. Akaniangalia kwa muda mrefu. "Wewe hukutaka kuona aibu ya kuomba," akasema, "na mama yako ndiye aliyelipa."

Aliyasema hayo msibani, mbele ya watu. Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani, na nilipofika ghorofa ya nne, nikihema, hasira ilikuwa imekwisha kwa sababu nilijua alisema kweli.

Jumapili iliyofuata walikuja wanawake saba na waume wanne, na kiti cha plastiki chenye mikono, kimefungwa mashuka. Wakamkalisha mama. Wakamshusha ngazi zote 108, wawili mbele wawili nyuma, na mwanamke mmoja akitangulia kuwaonya wanaopanda. Ghorofa ya tatu yule mama wa Makete akafungua mlango akapiga vigelegele. Mama alicheka mpaka machozi. "Niliwaambia mtanibeba siku moja," alisema, "sikujua mngenibeba nikiwa nawaona." Alikwenda kanisani, na baada ya ibada wakampeleka Temeke kaburini kwa rafiki yake, akakaa pale muda aliotaka.

Juma lile wapangaji tuliandika barua kwa mwenye jengo. Familia 23 zilitia saini, na wanawake watano tuliipeleka wenyewe, tukakaa ofisini kwake hadi alipoisoma. Kipuri tulichoambiwa kiko baharini kililetwa na bajaji siku ya tisa.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeniandikia, mpokee mama mkwe wako. Lakini kabla hajafika, fanya kile ambacho mimi sikufanya. Mwone mwenye jengo sasa hivi, pamoja na majirani, siyo peke yako, mwulize lifti inakaguliwa lini na nani anaitwa inapoharibika. Jengo likiwa na ofisi za umma au zahanati, mkumbushe kwamba tangu mwaka 2010 tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotaka majengo ya umma yafikike na watu hao. Tafuta vijana wawili na waume wawili wa kutegemea, waeleze mapema, na uwe na kiti imara. Mzee akiacha kuuliza habari za kutoka, usidhani amezoea.

Na kwa kuwa watoto wenu wanapanda lifti hizi kila siku, niwape mambo aliyonifundisha yule fundi. Mtoto mdogo ashikwe mkono, tena asiegemee mlango. Kanga au gauni refu livutwe ndani kabla mlango haujafunga. Hatari kubwa siyo kuanguka na lifti, bali kuingia mahali ambapo lifti haipo: mlango ukifunguka, angalia sakafu kabla ya kukanyaga, hasa taa zikiwa hafifu. Zamani milango ilifunguliwa na kufungwa kwa mkono, na watu walianguka shimoni kwa kusahau. Mmarekani mweusi Alexander Miles wa mji wa Duluth alipata hataza mwaka 1887 ya mtambo wa kuifungua na kuifunga yenyewe. Umeme ukikatika ukiwa ndani, bonyeza kengele, kaa chini na ungoje. Hewa haitakwisha, maana chumba hakijazibwa. Usijaribu kamwe kupenya kwenye mlango uliofunguka nusu, kwa kuwa chumba kinaweza kusogea au mguu ukateleza shimoni. Na moto ukitokea, tumia ngazi, hata kama ni ghorofa ya ishirini.

Mama alirudi Njombe goti likiwa limepata nafuu. Nilipokwenda kumwona mwezi wa Desemba nilimkuta jikoni kando ya moto, amezungukwa na wajukuu na watoto wa majirani, anasimulia habari za lifti. Jengo letu lilikuwa limekua hadi ghorofa 20. Ndani ya lifti walikuwamo watu waliosahau jinsi ya kusalimia, wakafundishwa na bibi mmoja kutoka Njombe. Kikapu chake kilishuka kupita mawingu.

"Bibi, kamba ikikatika?" mtoto mmoja akauliza.

Mama akasogeza ukuni. "Kulikuwa na bwana mmoja," akasema, "fundi wa kiwanda cha vitanda. Alipanda juu mbele ya watu wote, akasema, kateni." Akasimulia yote, springi, meno ya reli, hata duka la sahani, bila kukosea. Watoto walikuwa wameacha kutafuna mahindi.

"Na mkewe alimruhusu?" akauliza yule mtoto.

Mama akanigeukia akacheka. "Mwulizeni huyu," akasema, "yeye ndiye anayeandika."